Kompyuta ya Shamsa na Fundi Asiyejua Kazi

Siku niliyoaga kazi mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru. Haikuwa ikienda, na nilipoifungua nyumbani nikakuta betri imetiwa kinyume. Karakana nzima ya mafundi wa kompyuta, wenye vyeti vyao, na betri ya saa imewashinda. Basi mliponiomba niwaandikie machache juu ya miaka yangu ya kazi, niliona haja ni kubwa kuliko mlivyodhani wenyewe.

Habari za vyeo siandiki. Karakana yetu haikuwa na vyeo, ilikuwa na viti viwili vizima na kimoja cha mguu mbovu, na cheo chako ni kiti unachokalia. Nitaandika habari za kompyuta zisizowaka na watu wanaozileta. Kompyuta zenyewe sina neno nazo.

Nilianza kwa Mzee Bakari, Mdigo wa Likoni, aliyekuwa fundi wa redio tangu zamani zile redio ikiharibika watu hawaitupi. Alivuka Feri kila asubuhi na mkoba wa ngozi mkononi, wala hakuuweka chini njia nzima. Mimi nilikuwa msichana wa Kibokoni niliyetoka chuo cha ufundi pale karibu na Buxton, cheti changu hakijakauka wino, na nikijiona najua. Siku ya kwanza aliniwekea kompyuta mezani, akaniambia, "Haiwaki. Tafuta."

Nikashika bisibisi. Akaninyang'anya.

"Nani kakwambia uifungue? Umeiuliza yaumwa wapi?"

Nikadhani nimeajiriwa na mwenda wazimu. Akaibonyeza swichi, akainamisha sikio. "Feni yazunguka? Taa yawaka? Yalia? Yanuka? Mgonjwa hata hajasema, wewe wakimbilia kisu." Haikuwa na taa wala feni, na ugonjwa wake ulikuwa waya wa stima haukuingia vizuri nyuma. Mnacheka. Mimi nimewaona nyinyi, nikiwa nimekaa pale pale kwenye kiti cha mguu mbovu, mkifungua mashine ambayo haijachomekwa ukutani, na mkishaifungua mnampigia mwenyewe simu kumwambia hali ni mbaya.

Vifaa vyake vilikuwa vichache: bisibisi, brashi ndogo ya rangi, tochi, raba ya penseli, na kioo kidogo cha kupakia wanja alichokitumia kuchungulia chini ya vitu. Kanuni yake ilikuwa moja. Ikikushinda, toa kila kitu, bakisha ubao mkuu, pawa inayoleta stima, na memori, kisha rudisha kimoja kimoja. Kile ukikirudisha ikazima, ndicho. Haina siri. Inataka subira tu, na ndiyo maana imewashinda. Mzee Bakari alinifundisha mpaka alipofariki, Mungu amrehemu, na hakuwahi kunisifu. Mara moja aliniambia, "Si vibaya," nikadhani anaumwa.

Kisiwa chetu hiki hakipendi kompyuta. Hewa ya chumvi inaingia kila tundu, shaba inageuka kijani, skurubu zinashika kutu kabla hujazijua majina. Ongezea vumbi, mende, na mjusi anayetafuta joto. Nimewahi kumtoa mjusi aliyekauka ndani ya pawa, na mwenye nyumba akaapa kuwa nimekuja naye. Lakini chumvi na mjusi ni viumbe wa kweli. Mwenye kompyuta ndiye muongo. "Haikumwagikiwa na kitu, wallahi." Naigeuza, chai yatiririka. Chai ya maziwa, na iliki naiona. "Labda ni watoto," asema, na mtoto wake wa pekee yuko ng'ambo anasoma.

Nilipoanza kwenda majumbani ndipo nilipopata kazi yangu hasa. Nyumba zetu za Mji wa Kale mwazijua: kompyuta haiwekwi ukumbini, huwekwa chumba cha ndani, waliko wanawake. Akija fundi mwanamume ni zogo. Wanawake wajifiche, atafutwe babu wa kukaa naye, na babu akishaketi ataka kupigwa gumzo. Mimi nikibisha hodi, naambiwa, "Pita, mwanangu." Wanaume wa nyumba ndio walionitazama begani, wakitafuta aliye nyuma yangu. "Fundi mwenyewe yuwapi?" Nikiwajibu kuwa fundi ndiye mimi, wananiletea kiti, kisha wanasimama juu ya kichwa changu mpaka nimalize, wakinielekeza. Hakuna hata mmoja aliyejua anachoelekeza.

Nyinyi mmekuja wakati wa kufomati, kufuta kila kitu na kuanza upya. Kompyuta haiwaki, fomati. Inakwenda pole pole, fomati. Mtu ana mafua, mwamkata kichwa, kisha mwamwita mkewe kumwambia mafua yamekwisha. Nimesema haya miaka mingi na nimechoka kuyasema, kwa hivyo nawaeleza habari ya kompyuta ya Shamsa, ambayo wengi wenu mmesikia kisa chake vipande vipande, na kila kipande nilichokisikia mimi kilikuwa cha uongo.

Shamsa alikuwa mpiga video za harusi, upande wa wanawake. Kwa wale wenu waliokuja kutoka bara: siku ya kupamba bibi arusi, wanawake hukutana peke yao, huvua mabuibui, huvaa wanavyotaka na kucheza wanavyotaka. Mwanamume hakanyagi. Siku hizi hata simu hukusanywa mlangoni zikatiwa kikapuni. Kamera ni moja tu, na ilikuwa ya Shamsa. Kompyuta yake ilikaa chumba cha nyuma cha nyumba yao Kibokoni, haijapata kuunganishwa na mtandao, na ufunguo wa chumba aliufunga kwenye pindo la leso. Nusu ya wanawake wa mji walikuwa ndani ya kompyuta ile, vichwa wazi. Walimwamini, naye hakuwahi kuwavunja.

Siku moja ikakataa kuwaka. Wiki hiyo mimi nilikuwa kitandani na malaria, na Shamsa mwenyewe aliitwa Lamu, shangazi yake mgonjwa. Nduguye Hafidh akamwambia, "Niachie ufunguo. Ntakutafutia fundi, urudi uikute nzima."

Hafidh nilimjua tangu akiwa mtoto. Alikuwa karani wa mizigo bandarini, kanzu yake imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, safu ya mbele msikitini, na ukimsalimu atakujibu kwa Kiarabu kirefu kuliko ulichomsalimia. Watu walimsifu. Mimi sikuwa na ubaya naye. Nilimwona mchoshi tu.

Shamsa aliporudi, Hafidh alimrudishia kompyuta na pole, mlango wa chumba akauacha wazi na ufunguo akabaki nao. Haikupona. Fundi kasema diski imekufa. Asihuzunike, yeye nduguye atamnunulia nyengine. Siku ile ile Shamsa alikuja kwangu, buibui limekaa upande.

"Dada Rukia, inuka unisaidie. Kazi yangu yote imo mle."

"Nani kaitazama?"

"Sijui. Hafidh yuwasema ni fundi wa huko mjini."

Homa ilikuwa haijaniacha, lakini nilikwenda. Kompyuta ilikuwa mezani, imefunikwa leso kama maiti. Nikaifunua, nikaiwasha bila kuifungua. Feni ikazunguka. Taa ikawaka. Kioo kikabaki cheusi, na tumboni mwake ikaanza kulia: mlio mrefu, kimya, mlio mrefu, kimya.

"Ndivyo ilivyokuwa ikilia kabla sijasafiri," alisema Shamsa.

"Na fundi huyo alifanya nini?"

"Ati alitia pawa mpya."

Pawa! Feni inazunguka, taa imewaka, mashine inalia kwa sauti ya kuwatoa majirani, na mtu akaitilia pawa mpya. Mtu analia jino, wewe wampa chakula. Nikachomoa waya, nikafungua ubavu, na harufu iliyonitokea puani ilikuwa ya udi. Shamsa alipenda kufukiza chumba kabla ya kazi, na chetezo alikiweka chini ya meza, sawa na tundu la feni. Mashine ilikuwa imevuta moshi wa udi miaka yote ile pamoja na chumvi ya bahari, na ndani mlikuwa na utando mweusi wa mafuta mafuta. Ilinukia kama bibi arusi.

Mlio ule ni wa memori. Nyinyi mwajua, au mlipaswa kujua. Nikaishika mashine sehemu ya chuma, nitoe umeme wa mwilini, nikavifungua vishikio viwili, nikaichomoa memori. Meno yake ya shaba yalikuwa meusi. Nikayasugua kwa raba, pole pole, upande mmoja tu wa kwendea, mpaka yakang'ara. Nikaupangusa mfereji wake kwa brashi, nikairudisha na kuibana mpaka vishikio vikalia ta, ta.

"Hiyo raba ni ya kompyuta?" aliuliza Shamsa.

"Ni ya mjukuu wangu. Ina picha ya sungura."

Nikaiwasha. Haikulia. Kioo kikang'aa, Shamsa akapiga kigelegele, kisha ikatokea mistari ya maandishi meupe na kigelegele kikakatika. Mashine ilikuwa inasema haioni diski ya kuanzia.

"Si ndiyo hiyo iliyokufa?" alisema.

Nikamulika tochi. Diski iliyokufa huwa ipo pale pale ilipofia. Hapa palikuwa na nafasi tupu, waya mbili zinaning'inia, na kwenye vumbi alama safi ya mraba mahali ilipokaa.

Andikeni hili mahali: diski ikifa, anarudishiwa mwenyewe. Ina mwenyewe hata ikiwa maiti. Fundi anayebaki na diski ya mtu ama ni mjinga ama ni mwizi, na mimi wakati ule sikuona sababu ya kuchagua.

Shamsa alikuwa amekaa sakafuni. "Dada, mle mna wake za watu," alisema. "Mna watoto wa watu. Mamangu yumo mle, nywele wazi, acheza."

Kwenye ile pawa mpya palikuwa na stika. Mafundi wabaya wanapenda stika. Hii iliandikwa kwa herufi nyekundu: Daktari wa Kompyuta, Feri. Nikamshika Shamsa mkono nikamwinua.

Daktari mwenyewe alikuwa na kibanda cha mabati, upande mmoja muuza vifuniko vya simu, upande wa pili mwanamke anayekaanga viazi na mahamri. Jina lake Katana, kijana mnene wa Kigiriama, amevaa shati la kwaya ya kanisa lake. Mezani palikuwa na kompyuta kadhaa zimepasuliwa, na skurubu za zote amezichanganya ndani ya kikombe kimoja. Nilipokiona kile kikombe sikuwa na haja ya kuuliza kitu chengine juu ya ufundi wake.

Salamu niliiacha nje. "Diski iko wapi?"

"Diski gani, Mama?"

"Ya kompyuta aliyokuletea bwana wa kanzu. Ile uliyoitilia pawa na yenyewe inakulilia memori."

Akaweka bisibisi chini. Hakunitazama mimi, alimtazama Shamsa. "Ile ilikufa. Nilimwambia bwana."

"Imezikwa wapi?"

Akaichukua tena bisibisi.

Basi nikafungua mdomo. Nilimwambia kuwa kazi haijui, na kwa kuwa haijui ameona ajifunze wizi. Nilimuuliza amewauzia akina nani, na picha za mama za watu zinauzwaje pale Feri, kwa fungu au moja moja. Watu waliokuwa wakienda kwenye kivuko wakaanza kusimama. Muuza vifuniko akaacha kuuza. Katana aliningoja nipumue, kisha akauliza, kwa upole ulionizidisha hasira:

"Mwenye kompyuta hasa ni nani?"

"Ni mimi," alisema Shamsa.

"Wewe ndiye unayepiga zile harusi?"

"Ndiye mimi."

"Na yule bwana ni nani kwako?"

"Ndugu yangu. Tumbo moja."

Akafikiri. Kisha akashusha pazia la mlango mbele ya wale watu, akatusogezea benchi. "Kaeni, Mama. Wewe utanitukana baadaye."

Akatueleza. Hafidh alimpelekea kompyuta, akamwambia ni yake. Katana alijaribu hili na lile, akatia pawa, ikamshinda. Alipomwambia imemshinda, Hafidh hakuonekana kuhuzunika. Akasema basi achana na kompyuta, toa diski, ifungue kwenye mashine yako. Nikafungua, alisema Katana, nikaona majina ya harusi. Bwana akavuta kiti, akaketi nyuma ya bega langu.

"Akaniambia, fungua ile ya Kibokoni. Kuna mwanamke wa gauni la kijani. Nitafutie pale anapocheza, unikatie kipande hicho tu, unitilie kwenye simu."

Shamsa alijishika kifua.

"Nikafungua," alisema Katana. "Nikaona bibi arusi na mamake, na wanawake nyuma hawakujifunika. Mama, mimi si Mwislamu lakini nimezaliwa pwani. Najua mwanamume haingii pale. Nikajiuliza, hawa walijua kama mimi nitawaona? Na huyu, kama ni yake, kwa nini ataka mwanamke mmoja? Nikaizima. Nikamwambia, bwana, diski imekufa."

"Na yeye?" aliuliza Shamsa.

"Alikasirika. Akasema si imewaka sasa hivi? Nikamwambia ndivyo zinavyokufa, huwaka kidogo kisha basi. Akataka nimpe hivyo hivyo. Nikamwambia nimeshaitupa kwenye taka."

Nilimtazama. Kwa mara ya kwanza nilimwona mtu akiutumia ujinga wa mteja kwa kazi ya maana.

"Na kwa nini hukumtafuta mwenyewe?" nilimuuliza.

"Ningemtafutia wapi? Nilijua atakuja. Kitu kama hicho hakiachwi."

"Basi iko wapi?"

Akainua pazia, akamwita yule mwanamke wa mahamri. Alikuwa mkewe. "Mama Neema, kile kitu. Mwenyewe amekuja." Mkewe akamtazama Shamsa, akanitazama na mimi, akainamia debe la unga, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa kifurushi cha kipande cha leso.

"Ndani ya unga!" nilisema.

"Nimeifunga vizuri, Mama," alisema yule mwanamke.

"Dukani nisingeweza kuiweka," alisema Katana. "Mimi pia ni mwanamume. Leo nimeifunga, kesho sina kazi, nitasema nitazame kidogo tu. Nikampa mke wangu, nikamwambia hata nikikuomba usinipe."

"Na umemwomba?" aliuliza Shamsa.

Katana akatazama miguu yake. Mkewe ndiye aliyejibu. "Hajaniomba."

Sikumtaka radhi. Nilimwambia kuwa ile pawa haikuhitajika. Akasema, "Najua, Mama. Nilikuwa najaribu." Nikafungua kile kifurushi, nikakuta unga haukupenya. Hilo nalo sikumwambia.

Tulirudi kwa miguu mpaka tukaingia vichochoro vya Kibokoni. Ndipo Shamsa aliposimama. "Gauni la kijani ni Nuru," alisema.

Nuru alikuwa mke wa Hafidh, na alikuwa ameachwa. Mwalimu wa chekechea, mpole, anaishi na wanawe wawili kwa mamake. Hafidh alikuwa amekwisha anza kusema barazani kuwa atakwenda kwa kadhi kuwachukua watoto, kwani mama yao hana haya. Watu walimwuliza hana haya vipi, na hakuwa na la kuonyesha. Sasa nilielewa alichokuwa akitafuta.

"Nuru hakutaka kuja harusi ile," alisema Shamsa. "Mimi ndiye niliyemfuata kwao. Nilimwambia, ndoo ufurahi, hapana mwanamume atakayekuona. Na huyo mwanamume nilimpa ufunguo mimi mwenyewe."

Nyumbani kwake nikairudisha diski mahali pake, nikabana waya, nikawasha. Ikawaka kama haijapata kuumwa. Harusi zote zilikuwepo. Shamsa hakuzitazama. Alipiga simu, na baada ya muda Nuru akaja na watoto wake, akawaacha ukumbini na peremende, akaingia chumba cha nyuma. Shamsa akamweleza kila kitu, hakujitetea wala hakumtetea nduguye.

Nuru alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nionyesheni."

Nikamfungulia. Alikuwepo pale, gauni la kijani, mkono mmoja kiunoni, anacheza na nyanya yake bibi arusi, bikizee asiyeweza kuinua miguu, na wote wawili wanacheka mpaka wanashikana wasianguke. Hapakuwa na kitu cha aibu. Hapakuwa na kitu kabisa ila mwanamke aliyefurahi. Nuru alijitazama, akatabasamu.

"Siku ile nilikuwa na raha," alisema. "Futa."

"Nuru, si lazima," alisema Shamsa. "Sasa iko salama."

"Hata siku ile ilikuwa salama. Futa, Bi Rukia."

Nikafuta. Nikaitoa kwenye harusi, nikaitoa na kwenye nakala, nikaandika juu yake mpaka hata mimi nisingeweza kuirudisha. Nimeokoa vitu vingi vya watu katika kazi yangu, na kile ndicho kitu kizuri pekee nilichokiharibu kwa mikono yangu.

Baada ya alasiri Hafidh akabisha hodi. Alikuwa amesikia kuwa nimekuja. Mtaa wetu hauna siri. Shamsa akatoka kumkabili kwenye mlango wa ukumbi, na mimi nikamsikia kila neno.

"Bi Rukia ameitazama? Imewaka?"

Kompyuta ilikuwa inaunguruma nyuma yangu. Feni ile ilihitaji mafuta, na ungeweza kuisikia kutoka njiani.

"Diski imekufa, kaka," alisema Shamsa. "Fundi si alikwambia?"

Nilichungulia kwenye ufa wa mlango. Hafidh alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza mngurumo. Kisha macho yake yakashuka mlangoni, kwenye viatu. Vilikuwepo viatu vya Nuru, na kando yake vidogo viwili viwili vya wanawe. Watoto wakamwona, wakamwita, "Baba!" na mdogo akamkimbilia na peremende mkononi. Akamshika kichwa, hakujua amfanye nini.

"Basi," alisema. "Mungu atakupa nyengine."

"Amin," alisema Shamsa. "Na ufunguo wangu, nipe."

Alipapasa mifukoni mwa kanzu kwa muda mrefu kuliko kanzu ilivyo na mifuko. Akautoa. Akaaga, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliaga kwa neno moja.

Habari ya kadhi haikusikika tena. Watoto walibaki kwa mama yao, na Ijumaa humtembelea baba yao, ambaye bado yuko safu ya mbele na bado anasifiwa. Sijasikia kuwa amemwomba mtu msamaha, wala sitarajii. Shamsa aliwapigia simu mama wa mabibi arusi wote, akawaeleza kilichotokea, na aliyetaka yake ifutwe ilifutwa. Wengine wamemnunia mpaka leo. Wengi waliendelea kumwita.

Mimi nilirudi Feri kumwonyesha Katana jinsi ya kusafisha memori. Si wema, sikuweza kuvumilia tu. Alinisikiliza kwa adabu, akaitikia kila kitu, akanipa mahamri ya mkewe. Nilipopita tena baadaye nilimkuta anaitilia kompyuta nyengine pawa mpya, nayo inamlilia memori masikioni.

Sasa nimekaa nyumbani, magoti yamekataa ngazi za watu. Juzi Shamsa alinipigia. Kompyuta imekataa tena, na akataka nimpe jina la fundi mmoja wa kumwamini, mwanamume au mwanamke, hajali. Nilikaa na simu sikioni nikiwapitia nyinyi mmoja mmoja, wote niliowafundisha. Mikono yenu ni mizuri, hilo nawapa. Nikamkumbuka mmoja wenu aliyekuwa akipekua picha za mteja huku akingoja kazi imalizike, akicheka peke yake, na mwenziwe aliyevuta kiti asogee aone. Walidhani nimelala. Wengine walikuwa wamegeuza migongo, na hakuna aliyesema kitu.

Nikamwambia Shamsa ampelekee Katana. Ataiharibu, na mimi nitakwenda na magoti yangu haya haya kuitengeneza.